Mbaazi Ndani ya Ugali

Mimi sikuua mtu kwa mbaazi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Mpitimbi hadi leo wapo watu ambao wakiniona napita na kikapu cha mbaazi wananyamaza, halafu nikishapita wanaanza kunong'ona, na masikio yangu bado ni mazima. Wanasema sisi wanawake ndio tuliowaponza wanaume katika vita vya Maji Maji kwa kuvunja miiko. Wengi wanaosema hivyo walikuwa hawajazaliwa. Bombomu, ile bunduki ya Wajerumani inayomimina risasi mfululizo, hawajawahi kuisikia ikilia.

Naitwa Subira binti Bashiru. Baba yangu alikuwa Myao wa Tunduru, mfanyabiashara wa tumbaku na nta, mtu wa safari, na nyumbani kwetu nusu ya mapishi yalikuwa ya kubeba. Huku Ungonini niliolewa na mwanamume ambaye kila mtu alimwita kwa jina la ukoo wake, Gama, nami nikamwita hivyo hivyo. Tulikaa ua mmoja na mama yake na kaka yake mkubwa. Huyo kaka nilimwita Shemeji Mkubwa, na hapa nitamwita hivyo. Jina lake nalijua, lakini wajukuu zake ni majirani zangu na watoto wale hawana kosa.

Miaka miwili kabla ya vita, Wajerumani wenye boma pale Songea walianza kuwachukua wanaume wetu kwenda kuchimba barabara. Waliondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mnyapara aliwakataza kuwasha moto kazini, eti moshi unaleta uvivu. Kwa hiyo kila mke alimfungia mumewe ugali katika jani la mgomba, na punje chache za chumvi pembeni, basi. Ilipofika adhuhuri ule ugali ulikuwa umekauka na kushikana, na mtu alikuwa na muda wa kuumeza tu kabla ya kiboko kuanza tena.

Gama alikuwa akirudi na nusu ya chakula chake.

"Kwa nini hukula?" nilimwuliza siku moja.

"Nimekula. Huo ni uliobaki."

"Mbona umebaki mwingi?"

"Subira, mke wangu, ugali huo ukimpiga mtu nao kichwani anazimia."

Alikuwa anatania, lakini mimi niliudhika. Sikuudhika naye. Niliudhika kwa sababu mtu anachimba mawe ya Mjerumani kutwa nzima bila ujira, anapigwa, halafu saa ile moja tu ambayo ni yake anatafuna kitu ambacho hata mbwa angekitazama mara mbili. Nikajiambia, hilo la mwisho mnyapara hakulipanga. Hilo liko mikononi mwangu.

Kesho yake niliamka mapema. Niliutandaza ugali ungali moto juu ya jani, unene wa vidole viwili. Katikati nikaweka dagaa wakavu wa Nyasa niliowatwanga na pilipili, nikafunika kwa kipande kingine cha ugali, nikaibana kingo kwa vidole vilivyolowa maji mpaka zikafunga kabisa. Nikafunga jani, nikaliweka kando ya makaa likauke. Siku ya pili nilitia majani ya maboga yaliyopikwa na karanga, nikayakausha mpaka mchuzi ukaisha, maana mboga ikiwa na maji ugali unachacha kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu uyoga. Siku ya nne ufuta na asali kidogo, kwa sababu nilitaka acheke, na alicheka. Kumbikumbi walipotoka nikatia kumbikumbi. Mbaazi nilizichemsha, nikazitwanga laini kabisa na chumvi na pilipili, na hizo ndizo alizozipenda kuliko vyote.

Sikumwambia kamwe nimetia nini. Kule barabarani wenzake walianza kumzunguka anapofungua jani. Komba, jirani yetu, ndiye aliyeanza kubadilishana naye nusu kwa nusu, akarudi nyumbani kumlaumu mkewe, na mkewe akaja kwangu amekunja uso.

"Wewe Myao umetuharibia waume," alisema. "Haya, nifundishe."

Nikamfundisha. Wakaja na wengine. Kabla ya mwaka kwisha nyumba kumi na mbili za Mpitimbi zilikuwa zikifunga ugali namna yangu, kila moja na mambo yake ndani. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenicheka. Alikaa penye kinu chake akisema Wayao wanaficha mboga kana kwamba wameiiba, na kwamba mwanawe hakuzaliwa na mdomo wa kudeka. Nilimheshimu, nikaendelea na kazi yangu. Lakini nilikuwa namwona akitazama mikono yangu ninapobana kingo.

Mnyapara naye alipogundua, akawa anafungua vifurushi vya watu na kuchagua. Mume wa mtu anashika jembe tangu alfajiri, na mnyapara anakaa kivulini anakula uyoga wa mke wa mtu. Nilipoambiwa nilitaka kumtilia upupu, na Gama alinishika mkono akaniapisha nisifanye hivyo. Nawaambia haya ili mjue kwamba watu hawakuingia vitani kwa sababu ya mganga tu. Walikuwa wamechoka.

Mwaka wa vita wenyewe, mwezi wa nane, ndipo alipofika mjumbe wa dawa kutoka upande wa pwani, waliyemwita hongo. Alisema ana maji ambayo mtu akinyunyiziwa na kunywa, risasi za Wajerumani zitageuka matone. Katika ua wetu aliyempokea ni Shemeji Mkubwa. Yeye ndiye aliyemchinjia mbuzi, yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwaita vijana waje kunywa, na vijana waliositasita yeye ndiye aliyewaita wanawake. Yaani watu kama mimi.

Sitasema kwamba sikuamini. Niliamini. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne, Zena, na nilitaka sana baba yake awe mtu asiyepenyeka.

Hongo alitoa miiko. Mwanamume aliyekunywa maji asilale na mkewe. Asipore mali. Asile mbaazi wala kitoweo chochote kutoka mkono wa mkewe mpaka vita viishe, ale ugali mkavu. Wanawake wenzangu walinitazama wote kwa pamoja aliposema hilo la kitoweo, na mmoja akanipiga kikumbo cha kunitania. Mimi sikucheka.

Niliutii mwiko huo. Nataka mlisikie hilo vizuri. Asubuhi waliyoondoka kwenda kupigana nilimfungia Gama vifurushi vitatu vya ugali mtupu, bila hata chumvi, na nilipokuwa nautandaza mikono ilikuwa inataka yenyewe kwenda kwenye chungu cha karanga. Niliizuia. Gama alivipokea, akavipima mkononi, akatabasamu.

"Nikikosa mshale nitawapiga na huu," alisema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Alimuaga mama yake kwenye nyumba yake, akamnyanyua Zena juu mara moja, akaenda.

Siku ya tano walirudi waliorudi. Arobaini na watatu wa kwetu na vijiji vya jirani hawakurudi. Walikuwa wamekwenda wima, wakipiga kelele "maji, maji", kuelekea kwenye bombomu, na bombomu ile iliwalaza kwa safu. Gama alikuwa safu ya pili. Komba alikuwa kando yake, akapigwa risasi ya paja, akajifanya amekufa, na giza lilipoingia akatambaa akiwa na mkoba wa Gama, kwa sababu hakuweza kumbeba mwenyewe. Aliukabidhi kwa Shemeji Mkubwa. Yeye hakwenda vitani, kwa vile wazee waliachwa walinde miji.

Niliomboleza siku tatu. Siku ya nne asubuhi niliitwa uani, penye ghala letu la nafaka. Walikuwa wamekaa wanaume sita, wazee wa ukoo, na Shemeji Mkubwa katikati. Komba alikuwa amelazwa kwenye mkeka, paja limefungwa majani. Mama mkwe alikaa chini ukutani, kichwa amekifunika. Zena alikuwa mapajani mwake.

Shemeji Mkubwa alitoa kifurushi kwenye mkoba, akakifungua mbele yangu. Kilikuwa kimeliwa nusu. Kingo za ugali zilikuwa zimebanwa kwa vidole, namna yangu, na ndani palikuwa na mbaazi.

"Nani anafunga hivi hapa Mpitimbi?" aliuliza.

"Nyumba kumi na mbili," nilijibu.

"Nani aliwafundisha?"

"Mimi."

"Na huyu alikuwa mume wa nani?"

Niliinama nikazitazama zile mbaazi. Mimi mbaazi huzitwanga mpaka zinakuwa laini. Hizi zilikuwa nzima nzima, zimechemshwa kisha zikakaangwa kavu chunguni mpaka zikapasuka ngozi, na katika ua wetu mtu mmoja tu alizipika hivyo. Niligeuka nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amekitoa kichwa kwenye kitambaa na macho yake yalikuwa kwenye lile jani. Ndipo nikajua kwamba asubuhi ile, Gama alipoingia kumuaga, alitoka na kifurushi cha nne.

Na nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Mungu anisamehe, mbele ya mashitaka ya kuua watu arobaini na watatu, nilifurahi kwamba mume wangu hakufa na ugali wangu mtupu tumboni. Alikula kitu kitamu. Alikula nusu na nusu akaiweka ya baadaye.

"Mmoja akivunja mwiko, dawa ya wote inaharibika," alisema Shemeji Mkubwa. "Huyu mwanamke hakuweza kujizuia na mapishi yake. Ametumalizia watu."

Wazee wakaitikia kwa koo. Nilikuwa na jibu jepesi. Ningenyoosha kidole tu kwa yule mama pale ukutani, nami ningetoka uani mtu safi. Lakini nikishanyoosha kidole nimekubali kwamba mbaazi ndizo zilizoua, na tumebaki kuulizana za nani. Hasira iliyonipanda siku ile sijapata kuwa nayo tena. Nikamgeukia Komba.

"Komba, wewe ulikula nini siku ile?"

"Ugali mtupu, dada."

"Ulilala na mkeo?"

"Hapana."

"Ulipora?"

"Sikugusa hata kuku."

"Na paja lako limetobolewa na nini?"

Komba aliwatazama wazee kwanza. "Risasi," alisema.

"Haya," niliwaambia. "Na wale wengine arobaini na wawili, mbaazi hizi zilikwenda kuwatafuta mmoja mmoja? Kiganja kimoja cha mbaazi, tena nusu yake hiyo hapo haijaliwa. Ni dawa gani hiyo ya kuwakinga watu mia na mia, inayoshindwa na kiganja cha mbaazi? Mwaka mzima wale watu walikula mbaazi zangu barabarani, wakapasua mawe, wakabeba magogo, hakuna aliyetoka hata kipele. Walichokula tofauti siku ile ni risasi za bombomu. Na mtu aliyewaambia waende wima mbele ya bombomu anajulikana, na aliyewakusanya nyumba kwa nyumba anajulikana pia, na amekaa hapo katikati."

Nilikuwa nimesema mengi kwa mwanamke, tena mgeni. Shemeji Mkubwa hakupandisha sauti. Alisema ukoo umeamua kwamba nirudi kwetu Tunduru kesho asubuhi, na mtoto atabaki kwa sababu ni wa ukoo. Tunduru ni siku nane kwa miguu. Njia ile ilikuwa imejaa askari wa boma wanaochoma vijiji, na wanawake waliokutwa njiani walifungwa kamba. Wote sita walilijua hilo. Nilimtazama Zena, na Zena alikuwa anachezea ushanga wa bibi yake, hajui kitu.

Nikapiga magoti pale ukutani, nikamshika mkono.

"Mbaazi ni zangu," alisema mama mkwe.

Alisema polepole, na wazee wawili hawakusikia, ikabidi arudie. "Nilimpa mimi. Mke alikatazwa. Mimi si mke wake, mimi ni mama yake, nikaona mwiko haunihusu. Alikuwa hajala vizuri siku tatu. Nilimtazama Subira anavyofunga nikafunga vivyo hivyo."

Hapo nikategemea dunia ipasuke. Kama mbaazi zilikuwa zimeua watu arobaini na watatu, basi muuaji wao ndiye huyo, amejitaja mwenyewe, na nikamwonea huruma nikajiandaa kumkinga.

Shemeji Mkubwa alikohoa. Akalikunja lile jani, akalirudisha mkobani.

"Mama amechanganywa na msiba," alisema.

"Sijachanganywa."

"Basi, mama, basi. Mambo ya vita ni makubwa. Hayawezi kumalizwa na jani la mgomba."

Na wazee wakaitikia tena kwa koo, koo zile zile. Mmoja akakumbuka kwamba amesikia upande wa Namtumbo watu walipora ng'ombe, pengine ndiko dawa ilikoharibikia. Mwingine akasema hongo mwenyewe alikuwa mtu wa mashaka tangu mwanzo. Mzee wa tatu akauliza kama pombe ya matanga imeiva. Mbaazi zilipokuwa zangu zilikuwa zimeua watu. Zilipokuwa za mama yake Shemeji Mkubwa zikawa mbaazi tu, na mambo ya Tunduru hakuna aliyeyataja tena. Walianza kuokota fimbo zao.

"Kaeni," niliwaambia. "Mwambieni huyu mama kwamba hakumuua mwanawe."

Hakuna aliyekaa.

"Si mmeona sasa kwamba mbaazi haziui? Mwambieni. Semeni yale maji yalikuwa maji ya mtoni, aondoke hapa na moyo mwepesi."

Shemeji Mkubwa alinipita bila kunitazama. Angesema hivyo, angekuwa amesema na mengine, na majina ya vijana wote aliowaita wanawake yangeanza kumfuata. Akatoka uani, nao wakamfuata. Alibaki Komba kwenye mkeka wake, mimi, mtoto, na mama mkwe ambaye alikuwa anajitazama mikono.

Nilimwambia mimi. Nilimwambia siku ile, na kila siku. Nilimletea Komba akamwonyesha paja. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kisha ananipiga piga begani kama mtu anayembembeleza mtoto. Aliona nasema hivyo kwa wema tu. Neno alilolisubiri lilikuwa la mwanawe mkubwa, na la wazee waliowapa watu ile miiko.

Mwezi wa kumi na moja askari walifika Mpitimbi. Walichoma nyumba, walichoma ghala letu lote na ulezi na mahindi yaliyokuwemo, wakaenda. Njaa iliyofuata watu wa hapa hawapendi kuisimulia, nami sitaisimulia yote. Kilichookoka ni mibaazi. Haikuwa ghalani, ilikuwa imesimama yenyewe kandokando ya mashamba, na askari hawakujisumbua nayo. Waliopona Mpitimbi, wote, hata hao wanaonong'ona, walipona kwa mbaazi.

Mama mkwe hakula. Nilimchemshia, alikataa. Nilizikaanga namna yake, alikataa. Mwisho nilichukua unga wote uliobaki, unga wa mkono mmoja, nikasonga kaugali kadogo, nikazitwanga mbaazi laini na chumvi ya majivu na pilipili mwitu, nikazifungia ndani nikabana kingo. Alikipokea kile kifurushi, akakishika kwa muda, akanirudishia.

"Siwezi kula kilichomuua mwanangu," alisema.

Nilikwenda kumvuta Shemeji Mkubwa kwa mkono mpaka mlangoni pa kibanda chetu. Nilimwambia, sema leo, neno moja, mama yako anakufa. Alisimama pale, amekonda mifupa mitupu kama sisi sote.

"Mama, kula," alisema.

"Nitakula ukiniambia."

Aliutazama mlango, akautazama ukuta. "Kula tu, mama," alisema, akaondoka.

Mama mkwe alifariki siku ya tatu yake. Tulimzika sisi wachache tulioweza kushika jembe. Tuliporudi kutoka makaburini nilimpa Zena sehemu yake ya chakula, na kile kifurushi kilikuwa bado kipo kando ya makaa, jani limekauka, hakijaguswa. Shemeji Mkubwa alikaa karibu nacho. Alikitazama, akanitazama. Kisha akakifungua, akala ugali, akala mbaazi, akalamba jani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilimtazama mpaka akamaliza.